Namna ya Kuzungumza Kiswahili Gasorwe Bila Kumsahihisha Mtu

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mmoja ninayempenda na anayenichosha: yule msemaji wa Kiswahili fasaha, wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, asiyeweza kusikia "batoto banakuya" bila midomo kumcheza. Ngeli zote anazo kichwani. Harusini humsahihisha mshereheshaji, msibani humsahihisha msoma risala, na akipanda daladala iliyoandikwa kioo cha nyuma kwa herufi iliyopungua hapati amani mpaka mwisho wa njia. Sasa mtu huyo amepata safari ya Gasorwe, kaskazini mashariki mwa Burundi, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, ambao kwenye mabadiliko ya 2025 uliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa mpya wa Buhumuza. Atakaa na watu, atakula nao, atazungumza nao Kiswahili. Nataka arudi akiwa na marafiki. Yafuatayo na yafuatwe kwa utaratibu, isipokuwa penye wazee, maana hapo utaratibu ni wao.

Mafunzo yanaanzia mpakani. Ukitokea Ngara utapita Kabanga upande wa Tanzania na kuingia Kobero upande wa Burundi, na katika mwendo huo mfupi mambo mawili hubadilika. Saa hurudi nyuma kwa saa nzima, kwa kuwa Burundi hufuata saa moja na Kigali na Lubumbashi, si ya Dodoma. Na magari huhama kutoka kushoto kwenda kulia. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam hufanya hivyo mchana kutwa bila ugomvi. Hakuna abiria anayesimama ndani ya basi kumwambia dereva kwamba upande anaoendesha si sahihi na kwamba Morogoro hawaendeshi hivyo. Kama umekubali kuwa barabara inaweza kuwa sahihi pande zote mbili, nusu ya somo umeimaliza kabla ya kugongewa muhuri. Rekebisha saa yako, iache ngeli ya A-WA ipumzike, ingia.

Ukitokea Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwanzoni mwa 2019, njia hupitia Karuzi, mlima baada ya mlima. Gitega nakushauri usianze na Kiswahili. Burundi ina jambo ambalo majirani zake wengi hawana: karibu kila mtu, wa mjini na wa shambani, huzungumza lugha moja, Kirundi. Kiswahili hapa ni mgeni aliyepewa kiti kizuri, naye mgeni hukaa vizuri zaidi akiwa amewasalimu wenyeji kwanza. Jifunze "mwaramutse" ya asubuhi, "mwiriwe" ya jioni na "murakoze" ya shukrani. Utayatamka vibaya, maana Kirundi hupandisha na kushusha sauti mahali ambapo Kiswahili hakijui hata kuna ngazi. Mwenyeji atafurahi na hatakusahihisha. Mtazame vizuri anavyojizuia. Ndivyo utakavyotakiwa kufanya wewe ukifika Muyinga.

Ukiwa na nusu siku, nenda Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, kwenye ngoma za kifalme zinazohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo ya kifalme katika urithi wa utamaduni usioshikika wa dunia. Wapigaji huingia uwanjani na ngoma vichwani, wakiimba na kupiga kwa wakati mmoja, na kilo za mti ule si mzaha. Mwaka 2017 ilitolewa amri ya rais iliyowazuia wanawake kuzipiga. Siipendi amri hiyo, nasema wazi, lakini mjadala wake usiuanzishe na kijana ambaye shingo yake iko chini ya gogo.

Sasa twende Gasorwe.

Kiswahili kimefika huku kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya zamani: wafanyabiashara na Waislamu. Mjini Muyinga kuna nyumba ambamo Kiswahili ni lugha ya mama na ya bibi, na ukienda Bujumbura, mtaa wa Buyenzi utakuonyesha kaka zao. Njia ya pili ni ya kukimbia na kurudi. Mwaka 1972, na tena kuanzia 1993, Warundi walivuka kwenda Tanzania kwa makumi na mamia ya maelfu, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na baadaye katika kambi kama Lukole wilayani Ngara, na Mtabila huko Kasulu. Wengi walirudi. Watoto waliozaliwa huko walirudi na Kiswahili cha shule za huko na mpira wa huko. Kwa hiyo usishangae ukimkuta kijana wa Gasorwe anakujibu "poa" bila kufikiri, na anajua wachezaji wa Simba na Yanga kuliko wewe. Njia ya tatu ni ya Kongo, ya wakimbizi wa kambi ya Gasorwe, nayo nitaieleza kwa kirefu kidogo mbele.

Juu ya hizo tatu iko shule. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, na mtoto wa shule ya msingi leo hukutana na lugha nne darasani: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mtoto wa miaka tisa akikuambia "mimi iko na daftari ine", usimwinamie na kidole. Huyo anabeba lugha nne akiwa na kaptula moja. Wewe unabeba mbili na umechoka.

Kusalimiana ndiko kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tenga muda.

Salamu huku haipitwi mbio. Mkono wa kulia hutolewa huku wa kushoto umeshika kigasha cha ule wa kulia, ishara ya heshima, na kadiri unayemsalimu alivyo mkubwa ndivyo unavyopaswa kuchelewa kuuachia. Ukiwa na kofia, ivue. Wanaume wa Kongo, ukishakuwa rafiki yao, watakugusa kwa kipaji cha uso na kwa panja, upande huu na huu. Usirudi nyuma. Mtu wa pwani aliyezoea "mambo" na "poa" akiwa mwendoni hudhani anazuiliwa njia. Huzuiliwi, unapokelewa.

Wazee wa Kirundi wanayo salamu ya ng'ombe: "amashyo," mtu hukutakia makundi ya mifugo, nawe hurudisha heri hiyo kwa kujibu "amashongore." Ipokee hata kama unaishi ghorofa ya tatu Kariakoo. Usieleze kwamba huna ng'ombe. Hakuna aliyeuliza.

Halafu kuna wingi wa heshima. Kirundi humsemesha mtu mmoja anayestahiwa kama watu wengi; "waramutse" ni ya rika lako na wadogo, "mwaramutse" ni ya mkubwa hata akiwa peke yake. Tabia hiyo imehamia kwenye Kiswahili cha hapa. Utamsikia kijana akimwambia bibi mmoja aliyeketi mlangoni, "Mumeamkaje? Muko salama?" Usigeuke kutafuta wale wengine. Wote ni yeye. Na usilete "shikamoo" kama dawa ya kila kitu. Wanaoijua wataijibu kwa furaha, wasioijua watakutazama wakisubiri uendelee. Mpe mzee wingi wake, naye atakuwa amepewa yote unayokusudia kumpa kwa shikamoo, na zaidi.

Salamu nzuri kuliko zote hutaweza kuishiriki, na inakupasa ujue mapema ili usiivuruge. Inaitwa akazehe. Ni ya wanawake. Wawili wakikutana baada ya kuachana muda mrefu hushikana, wakaanza kuimbiana kwa sauti zinazopishana, mmoja akijaza pengo la mwenzake kwa haraka, mmoja akiongoza maneno na mwingine akiitikia, wakitakiana heri ya watoto, ya nyumba, ya kila kitu. Wataalamu wa muziki wameandika juu yake, maana mfumano wa sauti zile mbili ni wa ustadi mkubwa. Siku hizi husikika kwa nadra, zaidi kwa wanawake wa makamo na wazee wa vijijini. Ukiisikia, mambo matatu: usipite katikati, usitoe simu usoni mwao bila ruhusa, na usimwulize mtu wa kando "wanasema nini?" kabla hawajamaliza. Mimi naiweka juu ya ngoma za Gishora. Ngoma zilihitaji mfalme. Hii ilihitaji mtu mmoja kumkumbuka mwenzake.

Baada ya salamu utaulizwa unatoka mlima gani. Mlima ndio kipande kidogo kabisa cha utawala huku, na ndio anwani ya mtu. Jibu la "natoka Dar es Salaam" humwacha mwenyeji na swali lake lile lile. Sema Kimara au Temeke, atapata pa kuuweka uso wako.

Na kuna swali ambalo wewe hutaliuliza. Tanzania na Kenya watu huulizana kabila wakiwa wanamenya machungwa, kisha wakataniana. Burundi usimwulize mtu kabila lake. Usimwulize Mrundi, usimwulize Mkongo aliye kambini. Nchi hii iliandika mkataba wake wa amani huko Arusha mwezi Agosti 2000 baada ya damu nyingi kumwagika, na swali hilo limewahi kuulizwa hapa na watu waliokuwa na panga mkononi. Uliza mlima. Uliza mvua imenyeshaje, maharage yamechukua bei gani. Kuna mazungumzo ya kutwa nzima hapo.

Ukishaketi, subiri zamu yako. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ethel Albert, aliyekaa Burundi miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1964 makala ndefu kuhusu namna Warundi wanavyozungumza, na jambo alilolishika vizuri ni hili: kwenye mkusanyiko wa heshima, mkubwa huanza, anayemfuata kwa ukubwa hufuata, mpaka chini. Mdogo hakatazwi kupinga. Huanza kwa kukubaliana na waliomtangulia, kwamba wamesema kweli, kwamba wao ni wakubwa na wanajua zaidi, halafu pole pole, neno kwa neno, hufika mahali tofauti kabisa na pale walipomwacha. Wale wa jirani wanaojisifu kwa kusema kweli "bila kupepesa" huona huo ni woga. Mimi naona ni ufundi. Mtu anayeweza kukukatalia na ukaondoka umeheshimika ana akili kuliko yule anayekukatalia na kukuachia kidonda.

Bashingantahe, wazee wa busara walioaminiwa kusuluhisha magomvi ya milimani, walitakiwa kwanza wawe watu wa kusikiliza. Sasa jiweke wewe hapo. Mzee anasema, kwa Kiswahili chake, kwa heshima yako kwa kuwa hujui Kirundi, "Shamba yangu iko pale chini, banaiba ndizi." Nawe unaingilia: "Shamba *langu*, mzee. *Liko*." Umevunja zamu, umemsemesha mkubwa kabla hajamaliza, na umeacha ndizi zake zilizoibwa zikiwa hazijasikilizwa. Utaratibu sahihi ni huu: kunja uso kwa ajili ya ndizi.

Kuhusu kinywaji nitasema kwa ufupi, maana anayetaka kujifunza atajifunza haraka. Kuna urwarwa, pombe ya ndizi, na kuna impeke ya mtama, ambayo kwa desturi hunywewa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, vichwa vimekaribiana. Mwenyeji ndiye huonja kwanza, na chupa hufunguliwa mbele ya anayeinywa. Asili ya desturi hiyo ni hofu ya sumu. Leo ni adabu tu, kwa hiyo usipokee chupa iliyokwisha kufunguliwa chumba cha ndani na usimpelekee mwenzako ya namna hiyo. Chupa ya bia ya Primus ni ya sentilita 72, basi mtu akikuambia "moja tu" ujue ametaja jambo zito. Waislamu wa Muyinga, na walokole wengi wa kambini, hawanywi. Hao utawanunulia fanta, na fanta huku ni soda yoyote, hata ikiwa nyeusi. Usiseme kwamba hiyo si Fanta. Najua ulimi unakuwasha. Meza.

Ukiwa na ombi, liwe la mwisho. Anayekuja na ombi akalitoa mlangoni kabla ya salamu, kabla ya kiti, kabla ya habari za mvua, ameliua mwenyewe. Na usile ukitembea barabarani. Mtu mzima anayetafuna hindi la kuchoma katikati ya njia, jambo la kawaida kabisa Manzese, huku hutazamwa kwa huruma, kana kwamba kwake hakuna pa kukaa.

Jumamosi asubuhi usipange safari. Ni wakati wa kazi za pamoja za jumuiya, na njia hutulia mpaka zimalizike. Omba jembe. Mgeni mwenye jembe husamehewa matamshi yote.

Sasa Kongo.

Kambi ya Gasorwe imepokea wakimbizi wa Kongo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao wa Kivu Kusini: wa Uvira, wa Fizi, wa milima ya Itombwe. Wamo Wabembe, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengine. Wapo watu wazima leo, wenye watoto wao, waliozaliwa kambini. Na mkondo haujakatika. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, makumi ya maelfu ya watu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi kwa muda wa wiki chache, na Kiswahili cha Kivu kikavuka nao, kikiwa hakina mzigo mwingine wa kubeba.

Kisikilize Kiswahili hicho kabla ya kukipima. "Muko bazima?" "Aksanti." "Batoto beko ku masomo." "Niko nakuya." "Juu ya nini unalia?" Mwanafunzi wa sarufi atahesabu makosa mpaka vidole viishe. Mimi nahesabu kanuni. Watu wote wanapata "ba" bila kukosea hata mara moja. Mahali pote panapata "ku" au "mu". Watu waliofanya hivyo hawakubahatisha, walijenga. Na kwa ajili yako, fundi wa ngeli, nina taarifa ambayo wanaisimu wa lugha za Kibantu hawabishani juu yake: "ba" ndiyo ya kale. Babu wa lugha zetu alisema "ba" kwa watu, kama Kirundi kinavyosema "abantu" hadi leo, na "wa" ya Kiswahili chetu cha pwani ni "ba" iliyopoteza konsonanti yake njiani. Kwa hiyo ukimsahihisha mama wa Fizi kutoka "batu" kwenda "watu", unamsahihisha kutoka kwa mababu. Fanya hivyo ukiwa tayari kuwajibu wao.

Sokoni ndipo mambo haya hupendeza. Mama wa Kinyamulenge huongea na muuzaji Mrundi kila mmoja kwa lugha yake, na wanaelewana vizuri sana, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu wa karibu. Mbembe akifika, wote wawili huhamia Kiswahili bila kutangaza. Akitokea mwalimu, Kifaransa huingia kwenye bei. Kisha kijana wa Lukole hupita na baiskeli akipiga kelele "Oya, pisheni!" Hilo la mwisho huleta mtafaruku mdogo, maana "oya" kwa Kirundi ni "hapana", na muuzaji aliyekuwa karibu kukubali bei husita. Biashara huendelea. Sijawahi kusikia sokoni pale mtu akiuliza nani kati yao anasema vizuri. Wanauliza kilo ni shilingapi, wakimaanisha faranga.

Ukiwa hapo, fanya yafuatayo. Neno usilolielewa, uliza maana yake, si asili yake na si usahihi wake. Ukiulizwa wewe "kwenu munasemaje?", sema, maana umeulizwa, kisha unyamaze usigeuze jibu kuwa semina. Mtoto akikuomba umfundishe Kiswahili cha mtihani, mfundishe kwa moyo wote, ngeli zote, hata ile ya PA-KU-MU inayowatoa watu jasho. Mtoto huyo anataka kufaulu na ana haki ya kupewa kila kitu. Tofauti ya hapo na yule mzee wa ndizi ni kwamba mtoto ameomba.

Na neno "mkimbizi" lisiwe jina la mtu. Liko kwenye karatasi za ofisi, na huko lina kazi yake ya kumpatia mtu chakula na ulinzi. Kwenye benchi, aliyekaa pembeni yako ni fundi cherehani, au mchungaji, au mama fulani. Warundi wa Gasorwe wanaielewa tofauti hiyo kuliko wengi wetu, kwa kuwa baadhi ya wanaowauzia Wakongo mihogo leo waliwahi kupanga foleni ya mahindi Ngara miaka ya 1990. Nimewasikia wakizungumzia foleni hizo pamoja, Mrundi akieleza ya Tanzania na Mkongo ya Burundi, kwa Kiswahili cha sehemu tatu tofauti, na hakuna aliyemkatiza mwenzake hata kwa neno moja la sarufi.

Kuna jambo watu wa pwani hunijibu nikisema haya. Huniambia: basi Kiswahili kitaharibika. Hapana. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na mwaka huo huo UNESCO ikakipa siku yake, tarehe 7 Julai. Hotuba zilikuwa fasaha. Lakini aliyeifanya lugha hii ifike Karuzi, Fizi na Kisangani ni mpagazi, mchuuzi, askari, mganga, mke aliyeolewa mbali na mtoto aliyekimbizwa usiku. Hao hawakuwa na kamusi. Wangeambiwa wangoje mpaka waimudu vizuri, tungekuwa tunaizungumza wenyewe kwa wenyewe kutoka Lamu hadi Kilwa, kwa usahihi mkubwa, tukiwa na habari moja ileile ya jahazi.

Usahihi naupenda, na ninataka vitabu vyetu viandikwe vizuri. Mhariri amsahihishe mwandishi, mwalimu amsahihishe mwanafunzi, na tangazo la serikali lenye "wananchi anaombwa" lirudishwe lilikotoka. Mezani kwa mtu aliyekukaribisha hakuna mhariri.

Imebaki kuondoka, nako kuna kanuni zake. Usiage mara moja. Aga ukiwa umekaa, kaa tena, kisha aga ukiwa umesimama. Mwenyeji atakusindikiza. Usimwambie "inatosha, rudi" mlangoni, ni tusi. Mwache akutoe mpaka barabarani, na akiwa na nafasi, mpaka penye kituo cha magari au kwa vijana wa baiskeli. Njiani atakuambia jambo muhimu kuliko yote mliyoongea siku nzima, maana ndipo mahali pake: kuwa mtoto wa dada yake yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na anatafuta njia ya kumpelekea viatu, au kuwa mwezi ujao kuna harusi. Tembea taratibu ili apate kulifikia. Akisema "harusi yenyewe iko siku ya kumi na tano, bote batakuya, na wewe ukuye", jibu moja tu linaruhusiwa, nalo ni kama utakuja.

Na usizime simu. Usiku atapiga kuuliza kama umefika, kama gari lilipatikana upesi pale Karuzi, kama mvua haikuwakuta njiani. Kisha atampa simu jirani yake ambaye hamjawahi kuonana, naye atakusalimu kwa wingi.